Mkono wa Yeremia na Neno la Kale

Iringa, Jumamosi, Julai 1956

Baridi. Ukungu umekaa juu ya mji tangu alfajiri, na hata sasa alasiri jua limechungulia mara moja tu, likaenda zake. Nimevaa sweta juu ya sweta na vidole bado havitaki kushika kalamu. Moyo nao umegoma. Lakini nisipoandika leo, kesho nitaanza kujidanganya kuhusu nilichofanya, na mimi najijua.

Nimemwambia Baba.

Nianze nyuma kidogo, maana nikisoma haya siku nyingine nitataka kujua nilifikaje hapo. Baba na mdogo wangu Yeremia wanaishi Usangu, karibu na Rujewa. Waliteremka huko kutoka Ubena kufuata mpunga, pale Yeremia alipopata nguvu za kushika jembe la ng'ombe. Mimi nikabaki huku milimani, mwalimu wa shule ya misheni, Mwalimu Ester, mwanamke asiye na mume ambaye kila mtu ana ushauri wa kumpa. Yeremia ni kitinda mimba. Mama alifariki naye bado anatambaa, na mgongo aliokulia ni huu wangu.

Juma lililopita alikuwa anafyeka majani kando ya mfereji wa maji. Aliingiza mkono wa kulia kwenye rundo la majani aliyoyakata mwenyewe, na kifutu akamuuma juu ya kiganja. Kifutu ni nyoka mnene, mvivu, hakimbii mtu. Hungoja.

Baba hakupoteza muda. Jirani alikuwa amechinja ng'ombe asubuhi ile, ngozi bado ina damu. Baba akachana ukanda, akauzungusha juu kidogo ya kifundo cha mkono, akakaza kwa goti. Hapa lazima nieleze, kwa sababu mtu wa mjini anaweza kumwona Baba mjinga, na Baba si mjinga. Kwetu mpini wa jembe ukipasuka, mguu wa kigoda ukilegea, huvikwa ngozi mbichi. Ikikauka hujikunja na kubana kuliko msumari. Baba ameshatengeneza vitu hivyo maisha yake yote. Alitaka kifungo kisichoweza kulegea hata yeye akichoka, hata akisinzia. Alikipata.

Wakaenda barabara kuu kungoja lori. Jua la Usangu la kiangazi halina adabu. Malori yalipita yamejaa, na lililosimama mwishoni lilikuwa linakuja Iringa, Baba akashukuru, maana Iringa niko mimi. Njia nzima ukanda unakauka. Yeremia alimwomba Baba aulegeze. Alimwomba kwa heshima, kisha kwa kilio, kisha kwa matusi, na Yeremia hajawahi kumtukana Baba. Baba akaushika mkono wake wa pili asije akajifungua mwenyewe. Alimshika hivyo mpaka mlangoni mwa hospitali, na yote haya alinisimulia mwenyewe akiamini ananisimulia jinsi alivyomwokoa mwanawe.

Nilipofika wodini ukanda ulikuwa umeshakatwa kwa kisu. Mahali ulipokaa palikuwa na mfereji ndani ya nyama. Chini ya hapo mkono ulikuwa mweusi na baridi. Niliugusa. Nimewahi kugusa maiti, ya Mama na za wengine, na niliufahamu ubaridi ule.

Daktari ni Mzungu mgeni, Kiswahili chake hakijatosha, kwa hiyo aliyenieleza alikuwa dresa, msaidizi wa kufunga vidonda, kijana mpole wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu. Alinipeleka pembeni lakini si mbali vya kutosha na kitanda. Alisema mkono utakatwa juu ya kiwiko, na upesi, la sivyo tunampoteza mgonjwa. Nikamuuliza kama sumu ya kifutu ni kali kiasi hicho. Akatazama chini.

"Sumu ilimvimbisha, dada. Pengine angeuguza kidonda, pengine angepoteza kidole. Kilichoua mkono ni ule ukanda. Ndaga, dada." Ndaga kwao ni asante na ni pole pia.

Yeremia alikuwa ameamka. Alisikia kila neno. Midomo imempasuka kwa homa, akanishika sketi kwa mkono wa kushoto kama alivyokuwa akinishika zamani tukienda kisimani.

"Dada, Baba asijue. Niapie."

Nikamwambia alale.

"Niapie kwanza. Wamwambie ni sumu. Akijua ni ukanda, yule mzee atajimaliza."

Nikamwapia. Kwa jina la Mama nilimwapia, na sikumumunya maneno wala kunong'ona. Nilimaanisha.

Baba alikuwa nje, ameegemea ukuta upande wenye jua. Alikataa mkono kukatwa. Alisema mtoto wake aliletwa mzima duniani na atarudi kwa Mungu mzima, na kwamba mkono uliofungwa mapema namna ile hauwezi kukosa kupona. Mwacheni apumzike, alisema, damu itarudi. Nikachuchumaa mbele yake, nikamshika magoti, nikamwambia: "Baba, sumu imeshinda." Maneno hayo tu. Akatikisa kichwa na kusema basi, kama ni sumu. Na akaongeza, kwa sauti ya mtu anayejifariji, kwamba bila ule ukanda ingefika moyoni.

Nikasema ndiyo, Baba.

Siku ya kukatwa mkono, Mchungaji alikuja kukaa nami kwenye benchi la barazani. Huyu ni Mjerumani, mzee wa miaka sabini hivi, ambaye alikuwepo nchi hii kabla ya vita, akafungiwa na Waingereza, akarudishwa kwao, na sasa amerudi tena akiwa hana mke, hana nyumba, na wanawe wawili wamebaki huko Urusi chini ya theluji. Kazi yake ni kutunga kamusi ya Kibena. Mimi humsaidia jioni baada ya shule. Ananiuliza neno, nalitamka, analiandika kwenye karatasi ndogo, karatasi inaingia kwenye kopo la biskuti. Nyumbani kwake makopo yamepangwa mpaka darini, na hakuna biskuti hata moja.

Ila jioni akichoka na Kibena hurudi kwenye lugha yake. Si Kijerumani hiki wanachosema leo. Ni lugha ya mababu wa mababu zao, ambayo iliwazaa Wajerumani, Waingereza, Waholanzi na Waswidi wote, na ambayo haikuandikwa kamwe. Wataalamu huipanga upya kwa kulinganisha wajukuu, kama mtu anayebuni sura ya babu asiyemwona kwa kutazama pua za ukoo. Mjerumani husema Hand, Mwingereza hand, Mswidi hand. Wagothi, taifa lililokwisha zamani, waliandika handus katika Biblia yao. Basi wataalamu wakasema, babu wa maneno haya lazima alikuwa handuz. Na mbele ya neno hilo huweka nyota ndogo, alama ya kukiri kwamba hakuna mtu aliye hai aliyewahi kulisikia.

Ndivyo walivyofanya hata kwetu. Sisi Wabena husema liwoko, Wahehe vilevile, Wanyakyusa wana lao linalofanana, na Mchungaji ameandika babu wa hayo yote, naye ana nyota yake. Hilo la kwetu lina ndugu mpaka Kongo. Lakini neno lao la mkono, alinieleza siku moja kwa uchungu kabisa, halina ndugu. Ukivuka tu mpaka wa jamaa ile, ukaenda kwa Walatini na Wayunani, ambao kwa maneno mengine mengi ni binamu zao wa damu, mkono una jina jingine kabisa. Baba, mama, mguu, moyo, yote yana jamaa. Mkono ni yatima. Umetoka wapi?

Pale barazani, huku nyuma ya mlango ule mdogo wangu akikatwa, Mchungaji alianza tena habari hiyo. Mtu mwingine angemwona hana utu. Mimi nilielewa kwamba hajui maneno mengine ya kumliwaza mtu. Na kusema kweli nilitaka azungumze, nisije nikasikia msumeno.

Alisema wako wataalamu wanaodhani neno lile lilitokana na kitenzi cha kale sana chenye maana ya kukamata, kunyakua, kuteka. Wagothi walikuwa na neno la kuteka watu vitani, linalofanana nalo. Basi mkono kwao ungekuwa ni kile kinyakuacho. Wengine hukataa, husema sauti haziendani vizuri, huenda neno liliazimwa kwa watu waliokuwepo kabla yao, watu ambao hata jina lao halijulikani.

Nikamwambia mimi naamini hilo la kunyakua. Nilisema kwa ukali, najua. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana wakati wa vita vya Wadachi, hao hao Wajerumani. Alikuwa akituhadithia jinsi walivyochoma maghala ya ulezi na mtama, kisha wakaondoka wakaacha njaa imalizie kazi. Hadithi zake hazikuwa na sura za wale watu. Zilikuwa na mikono yao tu, myekundu, yenye manyoya, inayobeba mienge.

Mchungaji hakujitetea. Alisema, "Na mimi nimeiona hiyo mikono, Mwalimu. Nyumbani kwangu mwenyewe."

Ndani palikuwa kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya zaidi.

Kisha akaniambia jambo ambalo limenitafuna tangu siku ile. Alipokuwa kijana, alisema, hakuipenda asili ile ya kunyakua. Alikuwa anafundisha makatekista, akataka kuwapa kitu kizuri. Akawafundisha kwamba neno la mkono katika lugha ya wazee wake lilimaanisha chenye kupokea. Hakuwa na ushahidi wowote. Lilikuwa jambo jema tu, likawafaa watu, wakalipenda. Baadaye akajua kabisa kwamba si kweli, lakini kumsahihisha nani? Makatekista walishatawanyika kila bonde. Wakalihubiri, na waliowasikia nao wakalihubiri. Ni kweli, hata mimi nimelisikia kanisani kwetu mwaka huu huu, mwinjilisti akiinua mikono juu na kutuambia kwamba watu wa kale wa Ulaya waliuita mkono mpokeaji, basi ndugu pokeeni. Watu wakasema amina. Mchungaji alikuwa amekaa mbele, akainama kama mtu mwenye jino bovu. Mimi nilidhani amesinzia, nikamcheka moyoni.

"Kwenye kamusi yangu nitaandika haijulikani," alisema pale kwenye benchi. "Ni neno chungu kuandika. Lakini asiyejua akisoma haijulikani, ataendelea kutafuta. Akisoma uongo wangu mzuri, atatulia hapo."

Ndipo mlango ukafunguliwa. Yeremia alikuwa hai.

Baba aliomba apewe mkono. Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi; huzikwa, na mwenyewe huonyeshwa mahali kilipo, ili siku akifa asianze kuhangaika kukitafuta. Dresa hakubisha. Aliuleta umefungwa kwa shuka kuukuu. Mchungaji akatoa sehemu kwenye shamba lake, nyuma ya mikaratusi, na jembe akatoa yeye. Alitaka kusali akakosa sala, vitabu vyake vina sala za kuzika watu tu. Akasema Baba Yetu. Baba alichimba mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akashindilia udongo kwa viganja. Aliponyanyuka alikuwa na uso mtulivu kuliko siku zote, uso wa mtu aliyepoteza sehemu akaokoa kilichobaki. Nikasema moyoni, Ester, umefanya vema. Mwache mzee na utulivu wake.

Nililala vizuri siku hiyo. Naandika hilo kwa aibu.

Leo asubuhi Baba alikuwa anarudi Rujewa. Mpunga uko ghalani bila mtu, ng'ombe wa kulimia wako kwa jirani, na Yeremia atakaa wodini wiki nyingi. Alimuaga mwanawe. Yeremia alitabasamu, akamwambia Baba bila wewe ningekuwa kaburini, na akaniangalia mimi juu ya bega la Baba kuhakikisha nimesikia. Nikasikia.

Nikamsindikiza mpaka yanakopakia malori ya kwenda Mbeya. Ukungu ulikuwa mzito, watu wamejifunika mablanketi, wengine wameshapanda juu ya magunia. Nilikuwa nimemchemshia viazi, nimevifunga kwenye kitambaa vikiwa bado moto. Baba akapanda, akapata nafasi karibu na mama mmoja wa Kisangu mwenye mtoto kifuani, na wanaume kadhaa wanaokwenda huko huko mabondeni. Wakasalimiana kamwene, kamwene. Mmoja akamuuliza katoka wapi na huzuni ile.

Baba hajui kusimulia kwa ufupi. Akawasimulia yote, kwa Kiswahili chake cha kule, kwa kuwa kila mmoja pale alikuwa na kabila lake.

"Ile nyoka ilimuuma hapa. Mimi sikungoja. Nilichukua ngozi ya ng'ombe, bichi kabisa, nikafunga. Ngozi ikikauka inakaza yenyewe, hata ukilala inakaza. Sumu inakaa pale pale. Mkono wamekata, ndiyo, lakini mtoto iko hai. Daktari mwenyewe iliona."

Wanaume wakatikisa vichwa. Mmoja akasema eeh, mzee una akili. Mwingine akasema kwao nyoka ni wengi msimu wa kuvuna, ni vizuri kujua. Baba akavuta mkono wa jirani yake akaonyesha ni wapi hasa pa kufunga, na kwa goti unabana vipi. Sijawahi kumwona Baba akisikilizwa na wageni namna ile. Alikuwa amenyooka mgongo.

Mama wa Kisangu akauliza, "Na ngozi ya mbuzi inafaa, baba? Sisi ng'ombe hatuna."

"Inafaa sana, mama. Bora iwe bichi."

Yule mama akakipakata kitoto chake vizuri, huku midomo ikitembea bila sauti. Niliiona. Alikuwa anayakariri yale maneno.

Nilisimama chini na viazi vyangu. Utingo alikuwa anapiga bodi ya lori, dereva amewasha injini. Nilijiambia labda hataumwa mtu. Nilijiambia nitamwandikia mwinjilisti wa Rujewa awafundishe watu, taratibu, bila kumtaja Baba. Nilijiambia nimeapa kwa jina la Mama. Na muda wote niliokuwa najiambia, nilikitazama kile kimkono kidogo kilichotoka kwenye blanketi na kushika kidole cha mama yake, nikauona ukanda juu yake.

"Baba, shuka kidogo."

Akasema lori linaondoka. Nikasema shuka, Baba, tafadhali, na nadhani sauti yangu haikuwa ya kawaida, maana alishuka. Utingo akanitukana. Nikamvuta Baba nyuma ya gurudumu, nikamwambia kwa Kibena, polepole, kama ninavyowaambia watoto habari mbaya. Nikamwambia kifutu hakuua mkono. Nikamwambia ni ukanda. Nikamwambia nilimdanganya kuhusu sumu.

Sikutafuta maneno laini. Hayakuwepo.

Baba alivitazama viganja vyake pande zote mbili. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Yeremia anajua?"

"Anajua, Baba."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hawajakata."

Nikaona likimwingia. Lililomwingia halikuwa habari ya ukanda tu. Ni kwamba asubuhi ya leo mwanawe alimshukuru huku anajua. Ni kwamba kule barabarani alilia na kuomba, na alikuwa na haki, na mkono wake mzima ulishikwa na nani, asijifungue. Nikamshika Baba kiwiko, akakitoa mkononi mwangu, bila hasira, kama mtu anayeondoa kitu kisicho chake.

Akapanda lori. Alipanda kwa shida, mzee kabisa, na yule utingo aliyekuwa ananitukana akamvuta juu bila kuambiwa. Nilidhani atakaa anyamaze mpaka Rujewa. Ingekuwa haki yake. Lori likaanza kusogea. Ndipo nikamsikia, kwa sauti kubwa ili injini isimzidi.

"Mama. Wewe mama. Ile ya ngozi, acha. Usifunge ngozi. Si ya mbuzi, si ya ng'ombe. Nyoka haikuua mkono ya mtoto. Ni mimi niliua. Nyinyi wote mmesikia? Ni mimi."

Yule mwanaume aliyemsifu akili aligeuza uso pembeni. Mama wa Kisangu alimtazama Baba na kumkumbatia mtoto wake kwa nguvu, akajisogeza kidogo kwenye magunia. Akajisogeza mbali na Baba. Hilo ndilo la mwisho nililoliona kabla ukungu haujalimeza lori.

Viazi vilibaki mikononi mwangu. Baba amesafiri na njaa.

Nimepita kwa Mchungaji nikidhani nitamweleza. Nimemkuta amekaa kwenye makopo yake, akaniuliza neno la Kibena la kufunga na la kufungua, nikampa yote mawili, akayaandika, nikaondoka. Hana kosa. Hakuniambia nifanye lolote, alizungumza habari ya neno lake tu. Na neno lile hata lingekuwa na asili ya uongo milele, hakuna mtoto ambaye angekatwa mkono kwa ajili yake. Ningependa kumlaumu lakini haiwezekani.

Sijui Baba yuko wapi saa hii. Pengine wamepita Mafinga. Pengine wote ndani ya lori lile wamenyamaza, na yeye amekaa katikati yao. Yeremia alisema yule mzee atajimaliza. Nilimsikia nilipoapa, nilimsikia tena leo pale nyuma ya gurudumu, na nikasema hata hivyo. Nimetuma ujumbe kwa dereva wa lori la posta amwombe jirani yetu asimwache Baba alale peke yake. Kama utafika. Nimechagua mtoto wa mtu nisiyemjua badala ya baba yangu mwenyewe, na ningeulizwa tena sasa hivi ningechagua hivyo hivyo, na hilo halinipi faraja hata chembe.

Yeremia bado hajui. Kesho baada ya ibada nitakwenda hospitali. Ataniuliza kama Baba aliondoka vizuri, na nitamwambia kwamba Baba anajua, na kwamba aliyesema ni mimi. Nitakaa upande wake wa kushoto, ili akitaka kunisukuma aweze.